Limiti ya miwani imeisha, na mtoto haoni ubao

Dada mshauri, hujambo na pole na kazi.

Mimi ni mshonaji. Nina kibanda changu pale Kibuye, na tunaishi Mamboleo na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ameajiriwa katika kampuni moja hapa Kisumu, eneo la viwanda, na kazini kwao wana bima ya afya inayotuhudumia sote wanne. Ndani ya bima hiyo kuna pesa za miwani, shilingi 15,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili hakuna aliyezigusa. Mwezi wa pili mwaka huu mume wangu aliingia na kadi katika duka moja la miwani mjini, akatoka na fremu ya jina kubwa na lenzi zinazogeuka nyeusi akifika juani. Bili ilikuwa 13,800. Nilifurahi pamoja naye, kwa sababu nilijua kila mtu ana 15,000 zake.

Sasa ni mwezi wa tisa. Msichana wetu yuko Gredi ya 6. Mwalimu wake aliniita akanionyesha daftari: hesabu amezifanya sawasawa, ila si zile zilizokuwa ubaoni. Palipoandikwa 38 ameandika 88, na alama ya kujumlisha ameiona ya kugawanya. Kumbe muda wote alikuwa akinakili kutoka kwa mwenzake wa dawati, na mwenzake alipohamishwa, alama zikaporomoka. Na mimi nilishamchapa nikidhani ni uzembe, dada. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikampeleka duka lile lile. Walimpima kama dakika kumi, wakasema anahitaji miwani, bei 9,500. Kadi ilipowekwa kwenye mashine ikaonyesha salio la 1,200. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba pesa zile ni za familia nzima. Kijana wa kaunta aliponiona nimenyong'onyea, akashusha sauti akaniambia kuna njia mbili. Ya kwanza, wataandika kwamba mtoto ametibiwa macho mekundu na mzio mara kadhaa, pesa zitoke upande wa matibabu ya kawaida ambao bado una pesa nyingi, sisi tuchukue miwani. Ya pili, nitafute mtu ambaye limiti yake haijaguswa, hata mke wa kaka yangu, aje aweke kidole na miwani iandikwe jina lake. Alisema watu hufanya hivyo kila siku na hakuna anayeumia.

Nilimwambia nitarudi. Mume wangu nilipomweleza, alisema tusubiri Januari kadi ijae tena. Nikamuuliza mbona yeye hakusubiri. Akasema kadi ni ya kazi yake. Tukanyamaziana siku mbili.

Mimi mwenyewe nina miaka 44, na siku hizi kutunga uzi kwenye sindano namwomba kijana wa kibanda cha pili. Nilinunua miwani ya kusomea ya shilingi 250 kwa mchuuzi pale steji. Inasaidia kiasi, ingawa ikifika jioni kichwa kinagonga. Sishangai, macho mabaya ni ya kwetu: baba yangu kule Chavakali alianza kujigonga kwenye milango akiwa na miaka hamsini na kitu, walipompima wakasema ni presha ya macho, na leo haoni kabisa. Lakini yangu yanaweza kungoja. Nisaidie kuhusu mtoto. Nifuate njia ipi kati ya zile mbili, au nisubiri Januari?

Mama Wawili, Kisumu

JIBU

Mama Wawili, kuhusu mtoto jibu langu ni hili: usifuate njia yoyote kati ya zile mbili, na usisubiri Januari. Nitakueleza. Lakini kwanza niruhusu nirudi kwenye maneno uliyoyapitia mbiombio mwishoni mwa barua yako, kwa sababu niliyasoma mara tatu na ndiyo yaliyoninyima usingizi. Umesema baba yako alipofushwa na presha ya macho, kisha ukasema macho yako yanaweza kungoja.

Hayawezi, mama.

Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, huharibu mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Ile ya kawaida haiumi, haileti wekundu wala machozi. Huanza kula pembeni, kidogo kidogo, huku katikati mtu akiendelea kuona vizuri. Ndiyo maana baba yako alikuwa akijigonga milangoni wakati bado anamtambua kila mgeni anayeingia. Sehemu iliyokwisha kufa hairudi, hata kwa dawa au upasuaji. Lakini sehemu iliyobaki huweza kulindwa kwa matone ya kila siku, kwa mionzi ya leza au kwa upasuaji, na mtu akaishi akiona hadi uzeeni. Tofauti ni siku aliyogunduliwa. Watu wenye asili ya Kiafrika huipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua yuko katika hatari kubwa kuliko jirani yake. Wewe una yote hayo, na miaka 40 umeshaipita.

Sisemi kwamba unaumwa. Huko kushindwa kutunga uzi karibu kila mtu hukuona akishavuka arobaini, kwa sababu lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na kuona karibu kukawa kazi. Miwani yako ya steji inasaidia hilo tu. Haiwezi kukuonyesha hali ya mshipa, na hata kile kipimo cha dakika kumi dukani hakikuandaliwa kwa kazi hiyo. Anayetafuta glakoma hupima presha ya jicho, huutazama mshipa wenyewe kwa taa maalum, na hupima jinsi unavyoona pembeni. Kwa hiyo waambie na ndugu zako wote waliozaliwa na baba huyo wakapimwe, mmoja baada ya mwingine, hata yule anayejisifu kwamba anasoma namba ya matatu kutoka mbali.

Sasa sikiliza jambo la kadi hapa, maana ndilo watu wengi hawajaelezwa. Katika bima nyingi za kazini, pesa za macho zimekaa katika mifuko miwili. Mfuko mdogo ni wa miwani: kupima namba, yaani nguvu ya lenzi ambayo jicho linahitaji, pamoja na lenzi na fremu. Huo ndio wenu uliobaki 1,200. Lakini ugonjwa wa jicho si miwani. Presha ya macho, mtoto wa jicho, jicho lililochomwa na kijiti, macho ya mgonjwa wa kisukari, haya kwa kawaida hulipwa kutoka mfuko wa matibabu ya nje, na upasuaji ukihitajika unahesabiwa upande wa kulazwa. Uchunguzi wako kama binti wa mtu mwenye glakoma unaelekea mfuko huo mkubwa. Bima nyingine hazimpokei mtu kwa mtaalamu bila barua ya rufaa, kwa hiyo anzia kwa daktari wa kawaida aliye kwenye orodha ya bima yenu, mweleze habari za baba yako waziwazi, na umwombe akuandikie. Yaani ule mfuko ambao kijana wa kaunta alitaka mwingie kwa uongo, una mlango wa kweli, na wewe una sababu ya kweli ya kuupitia.

Nije kwa kijana huyo. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa dirisha la bima la hospitali kwa miaka tisa, na maneno yake nayajua kwa moyo. Si kweli kwamba hakuna anayeumia. Wakiandika kwamba binti yako ametibiwa mzio wa macho mara kadhaa, hayo yanabaki kwenye rekodi yake. Siku atakapougua jicho kweli, daktari atasoma historia ya ugonjwa ambao hajawahi kuwa nao, na kampuni ya bima inaweza kuuliza mbona huu ni ugonjwa wa zamani. Kwa mke wa kaka yako ni vilevile: ataonekana amepata miwani ambayo hana, na siku yeye mwenyewe akishindwa kuona, mfuko wake utakuwa mtupu kama wako ulivyo leo. Halafu bima huwa na wakaguzi. Nimeona mfanyakazi akiitwa ofisini kueleza bili ambayo hata hakuielewa, duka limeshajiondoa, na jina lililokuwa kwenye fomu ni lake. Mume wako ndiye mwenye kadi. Ndiye atakayeitwa.

Tena naomba ujiulize swali moja kuhusu duka hilo. Mwezi wa pili lilimuuzia mume wako miwani ya 13,800 kutoka mfuko wa 15,000. Je, kuna aliyemwambia kwamba mfuko ule ni wa watu wanne? Muuzaji alikuwa akiliona salio kwenye mashine yake. Maduka mengine huuliza limiti yako ni ngapi kabla hata ya kuuliza unaona vipi, kisha bei hupanda hadi hapo. Ndiyo maana huwa nawaambia watu: pima kwanza, jua namba yako na bei ya kawaida ya miwani yako, ndipo utoe kadi. Na kabla ya kuweka kidole au sahihi, soma kiasi kilichoandikwa, kwa sababu ukishaweka kidole umekubali.

Twende kwa binti. Gredi ya 6 iko ukingoni, na miezi minne bila kuona ubao haiwezi kurudishwa na kadi iliyojaa Januari. Naye ni mtoto, na kwa mtoto kipimo cha haraka huweza kudanganya, maana misuli ya macho yake ina nguvu ya kukaza hadi namba ikatoka kubwa kuliko inavyostahili. Kipimo cha kwanza kifanywe na wataalamu wa macho hospitalini, ambao wanaweza kumtia matone ya kulegeza jicho kabla ya kupima. Hapo Kisumu kuna kliniki ya macho katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Na kwa kuwa kwenu ni Chavakali, Hospitali ya Macho ya Sabatia iko huko huko Vihiga, ukipanda gari la Kakamega hapo Mamboleo umekaribia. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea kadi ya bima yenu, na kama kumuona daktari wa macho kunakatwa kwenye matibabu ya nje au kwenye mfuko wa miwani. Bima hazifanani katika hili, na simu moja itakuokoa nauli.

Akishapimwa, omba karatasi ya vipimo. Ni ya kwenu, mmeilipia, na mnaweza kwenda nayo duka lolote. Hakikisha kila jicho limeandikiwa namba yake, na umbali kati ya mboni mbili umeandikwa pia, kwa sababu bila huo lenzi haziwezi kukaa mahali pake. Kisha zunguka maduka mawili matatu ukiwa na karatasi hiyo, na kila mahali omba bei ya fremu peke yake na ya lenzi peke yake. Katika zile 9,500 ulizotajiwa nashuku kuna vitu ambavyo mtoto havihitaji. Anachohitaji ni lenzi za plastiki ngumu isiyovunjika ovyo na fremu inayomkaa puani bila kuteleza. Lenzi za kugeuka rangi juani ni starehe. Zile zinazosifiwa kuzuia mwanga wa bluu wa simu na kompyuta, tathmini kubwa iliyokusanya majaribio mengi na kuchapishwa 2023 haikuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho, kwa hiyo pesa hizo nunulia vitabu. Na usinunue fremu ya gharama kwa msichana anayekua. Namba yake itabadilika, na anapaswa kupimwa tena kila mwaka.

Zile 1,200 zilizobaki zitumieni kwa kipimo cha namba ikiwa kitahesabiwa kwenye mfuko wa miwani. Pesa za lenzi na fremu ya kawaida ni za mfukoni, najua si rahisi, lakini zitakuwa chini sana ya 9,500 ukiondoa mapambo. Kama uko kwenye chama, huu ndio wakati wa kuomba zamu yako iletwe mbele. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, mume wako anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, kwa hiyo hakikisheni kwa *147# kwamba wewe na watoto mmeandikishwa chini yake. Itawafaa kwa matibabu mengine. Kwa miwani fungu lake ni dogo, usilijengee mpango.

Kuhusu kumchapa, sitakuongezea uzito. Trans Nzoia walimu walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa simu, na utafiti wake ukachapishwa 2018. Katika shule ambazo mtoto alipimwa kwa mfumo huo wa simu na mzazi kukumbushwa kwa ujumbe, kati ya kila watoto 100 walioonekana wana shida, 54 tu walifika hospitali. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida walifika 22. Wazazi waliobaki nyumbani hawakuwa wabaya. Huenda wengine walidhani itapita, au miwani ingemharibu mtoto macho. Miwani yenye namba sahihi haiharibu macho. Wewe mwalimu alikuita ukaenda na mtoto akapimwa. Mwambie binti yako kwa mdomo wako kwamba ulikosea, kwamba hakuwa mzembe, alikuwa haoni. Mtoto wa umri wake anayabeba maneno kama hayo miaka mingi, ya lawama na ya msamaha pia.

Sasa baba watoto. Aliposema kadi ni ya kazi yake nadhani alikuwa anaficha aibu, kwa sababu ameona alichofanya. Usimrudishe mwezi wa pili. Mpe kazi mbili ambazo yeye peke yake anaweza kuzifanya. Aende kwa afisa wa wafanyakazi aombe kijitabu cha bima yenu. Atazame mambo matatu: kama kweli limiti ya miwani ni ya familia au ya kila mtu, kwa sababu neno la kaunta si kijitabu, mwaka wa bima unaanza mwezi gani, maana si kila bima hujaa Januari, nyingine hufuata siku kampuni iliposaini mkataba, na huenda wenu unafunguka Novemba, na kama mtu anaweza kulipa mfukoni kisha akarudishiwa kwa risiti, na kwa muda gani. Akishapata majibu, kazi ya pili ni kutoa miwani yake ya zamani, kama anayo kwenye droo. Usicheke. Fremu nzima ya mtu mzima huweza kukatiwa lenzi mpya, na uso wako na wake huenda visitofautiane sana. Wewe utahitaji lenzi tu.

Kwa maana na wewe utapewa miwani, lakini ya namba yako. Miwani ya steji ina nguvu sawa kwa macho yote mawili, na kama macho yako hayalingani, au jicho halikupinda sawasawa pande zote na linahitaji lenzi iliyokatwa kulifuata, jicho moja hushinda likivutana na lenzi isiyolifaa. Huenda hicho ndicho kinachogonga kichwa jioni. Mshonaji tena haangalii kitabu, anaangalia sindano na kitambaa mashineni. Pima kwa uzi umbali kutoka jichoni hadi kwenye sindano ya mashine yako, uende na uzi huo, mtaalamu akupimie kwa kazi yako.

Na ikiwa baada ya kijitabu kusomwa mtaona duka lilikata pesa kinyume cha masharti, au kampuni ya bima inakataa jambo lililoandikwa humo, andikeni kwanza kwa bima yenyewe, mkiweka nakala ya bili. Wasipojibu, malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Msiende kubishana kaunta.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, piga simu ya kliniki. Uliza mambo mawili: kumpima mtoto kwa matone, na wewe kuchunguzwa presha ya macho, na kama mnaweza kufanyiwa yote siku moja. Ukienda, acha mashine ipumzike siku hiyo. Matone hufungua mboni, jua linachoma macho na vitu vya karibu hukungika kwa saa kadhaa, kwa hiyo beba kofia mbili, yako na ya binti, na mwombe baba yenu awasindikize.